Meza ya Gazeti la Ulaya

Siku tuliyomzika Tupokigwe, mvua nyembamba ya Mbeya ilitusindikiza kutoka makaburini, ile isiyomlowesha mtu upesi bali humwingia taratibu mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nimefika jana yake kwa basi kutoka Iringa, na wajukuu zake wakanikalisha sebuleni pale Ilomba, kwenye kiti chenye mto, jiko la mkaa miguuni, kama anavyotunzwa mtu wa umri wangu. Nje, chini ya turubai, wanawake walikuwa wanapakua kande. Ndipo Lusajo, mjukuu wake aliyerudi kutoka masomoni Uingereza kwa ajili ya msiba, akaja akachuchumaa mbele yangu ameshika bahasha ya kaki. "Bibi Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "nimelipata." Sikumuuliza amepata nini. Katika nyumba ile, kwa zaidi ya miaka hamsini, kulikuwa na kitu kimoja tu kilichotafutwa. Nikamwambia tuwaache watu wamalize kula kwanza, kwa sababu jambo kama lile halifunguliwi mbele ya watu wenye njaa. Akaniachia bahasha mapajani. Wakati nasubiri, mawazo yalinirudisha kwenye mwaka ule mmoja ambao kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wageni jinsi tunavyoishi. Nitaueleza hapa polepole, ili hata aliyezaliwa juzi asiachwe njiani.

Ilikuwa miaka minne hivi kabla ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu kijana, nikifundisha mapishi na ushonaji katika shule ya wasichana upande wa Iringa, nilipoitwa Mbeya kufanya kazi kwenye gazeti la serikali. Ninaposema gazeti, usifikirie lile la kununua sokoni na kufungia karanga baadaye. Hili lilikuwa la karatasi nene inayong'aa, limejaa picha, limeandikwa Kiingereza kitupu, na halikuuzwa hapa nchini. Lilipelekwa Ulaya na Amerika, kwenye maktaba na ofisi za watu wanaoamua mambo, na kwa wajumbe wa mataifa waliokuwa wakija kukagua kama Mwingereza anatutunza vizuri. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wa mbali kwamba huku kwetu kila mtu ameridhika. Kila serikali hupenda kusifiwa, na hii ilikuwa na gazeti la kujisifia. Lilikuwa na jina lake zuri la Kiingereza, lakini sisi tuliolitengeneza tuliliita gazeti la Ulaya. Sisi tulipeleka picha na maneno Dar es Salaam, huko likapangwa na kuchapwa, kisha likapanda meli moja kwa moja. Kwa hiyo hata sisi hatukuliona. Tulikuwa kama mtu anayetupa mawe kwenye shimo refu, akasimama ukingoni kusikiliza, asisikie kitu.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya boma. Cha mbele kilikuwa na meza, mashine ya kupiga chapa na dirisha lililotazama mlima Loleza. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, cha kusafishia picha, na harufu kali ya dawa zake ilitufuata mpaka kanisani. Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, mpole, mwenye mabega yaliyoinama kwa kubeba kamera, na watu wa jimbo zima walimwita Bwana Picha. Kiswahili chake kilikuwa safi kupita chetu sisi wa bara, kwa sababu alikisomea mtihani, lakini lugha za milimani hakuzijua, na wanawake wa vijijini walikuwa wakimkimbia. Ndiyo maana nikatafutwa mimi, niliyekuwa nimezishika kutoka kwa wanafunzi wangu. Chumba cha giza kilikuwa cha Omari, kijana wa mjini Mbeya ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, mwenye vidole vya kahawia kwa dawa na ulimi usiolala. Na katikati ya vyumba viwili, kama mfanyakazi wa nne, lilikaa sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na mashati meupe, viatu vyeusi, uma na visu, birika la chai la udongo mweupe, na kitambaa cha meza cha buluu chenye maua pembeni. Sanduku hilo lilisafiri nasi popote tulipokwenda.

Nilipanga chumba kwa Mama Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa, na nikikumbuka asubuhi za mwaka ule nakumbuka kwanza chai yake ya tangawizi na maandazi yaliyofunikwa kwa kawa, na mwanga wa taa kwenye ukuta wa udongo kwa sababu Mbeya mwezi wa Juni hakuchi mapema. Dirisha langu lilipakana na baraza ambapo mume wake na jirani zake walikunywa kahawa kabla ya kufungua maduka, na maneno yao niliyasikia nikifunga viatu. "Yule binti wa gazeti amerudi kutoka Tukuyu," alisema mmoja. "Wamepiga picha ng'ombe anacheka." Mwingine akasema, "Ng'ombe ana haki ya kucheka, halipi kodi." Wakacheka wote, kisha mume wa Mama Zuhura akashusha sauti, akasema chama kitakuwa na mkutano Jumapili, na wasikie wanaosikia. Nilijua maneno yale yalipitishwa makusudi karibu na dirisha langu. Hawakuwa wananichukia. Walikuwa wananifundisha, kwa namna ya watu wazima, kwamba mtu anaweza kufanya kazi mahali bila kukodisha na masikio yake.

Namna tulivyofanya kazi nitaieleza kwa safari moja tu. Tulikwenda Chunya, kwenye vumbi na mashimo ya dhahabu, kupiga picha wachimbaji. Walitoka chini wekundu kwa udongo kutoka kichwani mpaka kwenye kucha. Omari akafungua sanduku, akawagawia mashati meupe, wakanawa uso, wakasimama mstari mmoja. Bwana Picha akaniomba niwaambie watabasamu. Nikawaambia. Mzee mmoja wao akaniuliza, "Binti, tunamchekea nani?" Nikamjibu kwa kweli kwamba tunawachekea watu wa Ulaya. Akasema, "Basi wasalimie," akacheka kwa nguvu mpaka meno ya dhahabu yakaonekana, na ndiyo picha iliyopelekwa. Baadaye Omari akakusanya mashati, akayahesabu, akayafunga. Njiani kurudi alisema, "Bi Yustina, haya mashati yamefanya kazi migodini, yamelima chai, yamesomea ukarani. Siku moja yatagombea uchifu." Bwana Picha, aliyekuwa anaendesha, alicheka pia. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba shati safi ni adabu tu, kama mtu anavyofagia uwanja mgeni anapokuja, na mimi mwenyewe, niliyefundisha wasichana kutandika meza, kwa muda mrefu sikuona tofauti.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Dar es Salaam. Wakubwa walitaka picha ya jalada: familia ya kisasa ya milimani, vizazi vitatu, babu, mwana, mke wa mwana na mtoto, wamekaa meza moja wanakula. Bwana Picha alikuwa na familia tayari kichwani. Ambakisye, bwana shamba kijana, alikuwa amejenga nyumba ya matofali Ilomba, ina bati na madirisha ya vioo, na amepanda kahawa hadi mlangoni. Alikuwa na mke, Tupokigwe, na mtoto wa kiume, Asajile, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa kule Tukuyu. Na Ambakisye alikuwa na hamu kubwa kuliko sisi sote, kwa sababu palikuwa na nafasi ya kwenda kusomea kilimo nje, na Bwana Picha alikuwa amemwambia kwamba mtu aliyetoka kwenye jalada hawezi kusahauliwa na wanaochagua.

Nilikwenda peke yangu kwanza kuonana na mke. Nilimkuta jikoni, nyumba ndogo ya nyuma iliyojengwa kwa mianzi na udongo, anageuza ndizi kwenye chungu. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, mwenye uso wa duara na macho yanayosubiri mtu amalize kusema. Alinipa kigoda, akanipa ndizi zile na maziwa mgando, na nilipomwambia "Ndaga fijo" kwa lafudhi yangu ya Kihehe, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwalimu, unashukuru kama mtu anayekohoa," akasema. Tukawa marafiki hapo hapo. Nikamweleza habari ya gazeti, picha, meza. Alisikiliza vizuri. Akauliza, "Na huyo babu atakayekaa mezani, mtamkodi wapi?" Nikamwambia hatukodi, tumemwita baba yake Ambakisye, atafika Jumamosi. Alichukua kipande cha kuni, akakisukuma ndani ya moto, ingawa moto ulikuwa unatosha. "Basi mimi sitakuwepo," akasema.

Hapa lazima nisimame nieleze, kwa sababu hata mimi Mhehe nilikuwa sijaijua desturi hiyo kwa uzito wake. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hali mbele yake. Akimwona anakuja njiani, huacha njia, akajifunika kichwa, akainama mgongo umeelekea upande wake mpaka apite. Wenyewe huita ukutila, kuogopa, lakini si woga wa mtu anayepigwa. Ni heshima iliyotiwa mwilini, na mzee naye huitunza kwa upande wake: hukohoa kabla hajakunja kona, ili mkwewe apate nafasi ya kupotea. Wakristo wengi walikuwa wameilegeza kidogo, wakaruhusu salamu za mbali baada ya ibada, lakini kukaa meza moja na kula pamoja, hapana. Mke aliyefanya hivyo alirudishwa kwao, na maneno yalimfuata huko. Tupokigwe aliniambia haya yote bila kulalamika, kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali penye ngazi ili asijikwae. Mwisho akasema, "Ambakisye anajua. Amejisahaulisha tu."

Jumamosi ilipofika, Bwana Picha alikuwa bado anaamini kwamba jambo dogo hivi litaisha lenyewe. Nilikuwa nimemweleza ofisini, nikamweleza tena garini. Sebule ilipangwa, kitambaa cha buluu kikatandazwa, birika letu jeupe likawekwa katikati, viti vitatu. Mzee aliingia na koti lake refu jeusi, mikono miwili kwenye fimbo, akatusalimu mmoja mmoja. Alitazama meza, akahesabu viti kwa macho. "Hiki cha nani?" akauliza. Ambakisye akaanza kusema maneno ya mgeni, ya gazeti, ya dunia inayobadilika. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema kwa Kinyakyusa, "mimi nimekuja kumpakata mjukuu. Mama yake nikikaa naye hapa nile naye, kesho atakuwa mke wa nani? Maana wako hatakuwa." Hakupandisha sauti. Nyuma tulisikia mlango wa jikoni ukifungwa taratibu, na kupitia kioo niliona kanga ya njano ikipotea katikati ya mihogo. Bwana Picha akaniuliza kwa Kiingereza mzee amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akafikiri, akasema ni picha moja tu, sekunde moja. Nikatafsiri hilo pia. Mzee akanitazama kwa huruma, si yeye Mzungu, mimi. "Mwambie," akasema, "hata mtu kuanguka kutoka kwenye paa ni sekunde moja."

Tulitoka nje kupumzika, na ugomvi wa mume na mke niliusikia bila kutaka, nikiwa nimeegemea ukuta wa jikoni. Ambakisye alikuwa amemfuata mihogoni akamrudisha. "Unaniua, Tupokigwe. Nafasi kama hii haiji mara mbili." "Nenda ukasome, nani amekushika?" "Hawatamchagua mtu ambaye hawezi hata kukalisha mkewe mezani." "Basi waambie mkeo ni mgonjwa." "Wanataka mke." "Muazime Mwalimu, amevaa viatu." Nusura nicheke, lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka. Kisha akasema pole pole zaidi, "Mimi sina shule kama yenu. Nina kwako, na nina namna ninavyokaa kwako. Ukinitoa hiyo, utanikuta kwa baba yangu." Nilisikia mtoto akinung'unika na mtu akimbembeleza, sijui yupi kati yao.

Omari ndiye aliyeleta njia ya kutokea, nasi sote tukaifurahia kwa sababu ilituondoa kwenye aibu ya siku ile. Picha mbili, alisema. Kwanza mzee, mwana na mtoto, na kiti cha tatu kitupu. Mzee akishaondoka zake, mama aketi kwenye kile kiti, kamera pale pale, miguu yake mitatu isisogezwe hata unywele. Yeye atakwenda chumbani mwake aziunganishe. Ilikuwa kazi aliyoizoea. Alishawahi kuondoa wingu, na mara moja alimvisha karani viatu ambavyo hakuwa navyo. "Hawatakutana," alisema. "Watakutana kwenye karatasi tu, na karatasi inakwenda Ulaya." Basi mzee alikaa, Asajile mapajani akilivuta koti, Ambakisye kashika kikombe, na kwenye kiti kitupu palikuwa na sahani na kikombe chake. Mzee hakuuliza tena. Nadhani aliona kiti kitupu kuwa ndiyo jibu alilopewa. Aliporudi Tukuyu jioni, Tupokigwe akaingia, akakaa pale alipoelekezwa, akatazama alipoelekezwa kutazama, yaani kwenye kiti cha mzee, ambacho sasa kilikuwa na mto wa kitanda uliosimamishwa ili macho yake yapate kimo. Alikuwa mtulivu. Alituandalia chai halisi baadaye, kwenye birika la kwao lenye masizi, na ilikuwa tamu kuliko ile ya picha ambayo haikuwa na chai ndani.

Baada ya siku chache Omari akatoka chumba cha giza na picha imekamilika, na nitakuwa mkweli, ilipendeza. Hakuna mtu angeona mshono. Familia moja, meza moja, mke kijana akimtazama baba mkwe wake kwa tabasamu, naye mzee kama anataka kumwambia kitu. Ambakisye alikuja kuiona, akaomba kuichukua nyumbani kwa siku moja. Kesho yake asubuhi, mimi na Omari tukiwa tunakula maandazi juu ya mashine ya chapa, Tupokigwe aliingia. Alikuwa ametembea kutoka Ilomba, mtoto mgongoni, miguu imelowa umande hadi magotini. Alitoa picha kutoka ndani ya kitenge, akaiweka mezani imefunikwa uso.

"Huyu si mimi," akasema.

Omari, aliyezoea kusifiwa, akasema, "Ni wewe, shemeji. Nimekusafisha mimi mwenyewe."

"Sura ni yangu. Lakini mimi sikumtazama baba wa watu. Mimi nilitazama mto."

Bwana Picha alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha mtihani kwamba asiwe na wasiwasi, gazeti halisomwi hapa, mzee hataliona kamwe. Tupokigwe hakuzoea kuongea na Wazungu, akaniangalia mimi, akaongea na mimi ili yeye asikie. "Mwalimu, mwambie sikuogopa kuonwa na watu. Wanaonijua wananijua. Hao wa mbali wasionijua, hiki ndicho kitu pekee watakachonijua nacho. Watasema, yule mwanamke wa Mbeya alimkodolea macho baba mkwe wake mbele ya chakula. Na mimi sitakuwepo kusema hapana." Akamvuta mtoto juu mgongoni. "Na mzee akisikia, maana karatasi ina miguu, mimi nitarudi kwetu kabla hajanirudisha. Basi." Nikatafsiri, ingawa alikuwa ameshaelewa. Bwana Picha akasema kwamba wakubwa wanasubiri, bahasha lazima iondoke na basi la kesho, na kwamba pia kuna mustakabali wa mume wake wa kufikiriwa. Tupokigwe akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa. Akatuaga, akamwachia Omari ndizi mbivu alizokuja nazo kwenye kikapu, kwa sababu kwao huendi kwa watu mikono mitupu hata ukienda kugombana.

Siku ile Omari alisema mara moja tu, "Mimi mkono wangu haukudanganya, ulitii," halafu akaacha, kwa sababu hata yeye hakuridhika na maneno yale. Mchana Bwana Picha alituomba picha zote: ile iliyounganishwa, na zile mbili za mwanzo. Akajifungia chumba cha mbele. Tulisikia mashine ikigonga kidogo, ikakaa, ikagonga tena. Alipotoka, bahasha ilikuwa imefungwa kwa lakiri, naye akaipeleka kituoni kwa mkono wake. Hatukumuuliza, na hakusema. Kabla mwaka haujaisha alipelekwa nchi nyingine, ofisi ikafungwa, nami nikarudi kufundisha Iringa, nikiwa nimejifunza kwamba kuna maswali mwalimu hawezi kuyajibu hata akiwa alikuwemo chumbani.

Sasa fikiria jinsi jambo linavyoweza kumkalia mtu. Mwaka uliofuata Ambakisye alichaguliwa kwenda kusoma. Nyumba nzima ilishangilia, na Tupokigwe alishangilia nao, lakini alipiga hesabu yake mwenyewe: kama mume amechaguliwa, basi ile picha ya uongo ndiyo iliyopita. Mzee alifariki wakati wa Uhuru, hajasikia lolote, wala hawakuwahi kutazamana. Tupokigwe alimlilia kwa siku nyingi kuliko wanawe wa kumzaa. Ambakisye alirudi, akawa mtu mwema na mkubwa wa idara, akazeeka, akafa. Lakini kila niliposhuka kwenye basi Mbeya, kwa ubatizo, kwa harusi, kwa misiba, baada ya salamu na baada ya kula, Tupokigwe alisogeza kigoda karibu yangu. "Mwalimu, ile karatasi. Unadhani ilikwenda ipi?" Nami nilimjibu ukweli, kwamba sijui. Hakukasirika kamwe. Mara ya mwisho, hospitali, akiwa mwepesi kama ndege, aliniuliza tena, halafu akajijibu mwenyewe, "Haidhuru. Wote walioiona wameshakufa." Na akatabasamu, lakini sikumwamini, kwa sababu mtu asiyejali hahesabu waliokufa.

Watu walipomaliza kula, nikamwomba Lusajo awaite. Walikuja watoto wa Tupokigwe, Asajile akiwa na mvi tayari, wakwe zake, na wifi yake mzee aliyekuwa kipofu wa jicho moja, wakakaa kwenye mikeka kunizunguka. Lusajo alieleza kwamba alikuwa akilitafuta gazeti lile kwenye maduka ya vitabu vya kale tangu alipofika Uingereza, na lilimfikia kwa posta wiki ile ile bibi alipofariki. Hakuwa amelifungua. Alitaka alifungue nami. Nikalitoa. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolidhania kwa miaka yote ile, na harufu yake ilikuwa ya kabati la mtu mwingine. Jalada lilikuwa na picha ya mashamba ya chai, si familia yetu. Nikafungua ukurasa mmoja mmoja. Wachimbaji wa Chunya walikuwepo, yule mzee bado anawasalimia watu wa Ulaya kwa meno yake. Wasichana wa shule wenye furaha, machifu wenye furaha, wagonjwa wenye furaha. Nilifika katikati, nikaona kitambaa cha buluu, ambacho hapo kilikuwa cha kijivu, na vidole vyangu vikakataa kwa muda kufunua upande wa pili uliokuwa umekunjika.

Asajile ndiye aliyeukunjua. Mzee alikuwepo na koti lake. Ambakisye alikuwepo, kijana kuliko mjukuu wake anayetazama sasa. Yeye mwenyewe Asajile alikuwepo, ameshika kifungo cha koti. Na kiti cha tatu kilikuwa kitupu, mbele yake sahani na kikombe, vimepangwa na mkono ambao haukuonekana.

Wifi ya Tupokigwe aliomba gazeti lisogezwe karibu na jicho lake zima, akalitazama kwa muda, akagusa kile kiti kwa kidole. "Ndiye," akasema. "Alivyokuwa anakaa, ndivyo hivyo." Mmoja wa wakwe, binti wa siku hizi anayekula na wakwe zake kila Jumapili, akaivuta kanga yake ikafunika nywele, sidhani kama alijua anaivuta.

"Kuna maneno chini," akasema Lusajo. "Bibi Mwalimu, soma wewe. Ilikuwa kazi yako."

Nikavaa miwani. Nilikuwa nimewatafsiria watu wengi maneno ya gazeti lile yakiwa bado yanapigwa chapa, na nilijua yalivyokuwa: kila mtu anashukuru, kila mtu anakubali, kila mtu anafurahi. Nikayasoma kimya kwanza, kisha nikawageuzia kwa Kiswahili, polepole, kama ninavyowasomea watoto wa darasa la kwanza: Chakula hiki kimeandaliwa na mama mwenye nyumba. Tulimwomba akae nasi katika picha hii, naye akakataa.

Asajile akaniomba nirudie. Nikarudia, na safari hii niligeuza uso kuelekea mlangoni, upande wa makaburi, nikapaza sauti kidogo.